Simu Yako Haiendani na Programu Hii

Mtaani walimwita Mama Sponji, na wala hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa fundi makochi. Jina lilimganda tangu siku alipomrudishia mteja mito yake mbele za watu, akiipasua kwa mkasi kumwonyesha kwamba fundi wa kwanza aliijaza matambara. "Hii ni nguo ya ndani ya mtu," alisema, akainua kitu kwa ncha za vidole, na watu wakacheka mpaka mwenye mito naye akacheka. Kuanzia hapo, mwenye kochi lililobonyea alielekezwa kwake: nenda kwa Mama Sponji, yule hana utapeli.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati. Mbele yalipangwa makochi yaliyovuliwa nguo, mbao na springi zikiwa nje. Katikati palikuwa na meza ya kukatia vitambaa, na chini yake kompresa iliyounguruma kama ng'ombe mwenye njaa kila stepla ya upepo ilipoishiwa pumzi. Nyuma kabisa, penye dirisha, alikaa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na cherehani. Shangazi ndiye aliyeshona foronya zote. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mdomo wake haukuwa na breki.

Mama Sponji alikuwa na kisukari tangu usichana, kile cha kujichoma insulini kila siku ya Mungu. Alikizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi: hampendi, lakini anajua anaingia lini na anatoka lini. Zamani sukari ilipoanza kushuka, mwili ulimpa taarifa mapema. Mikono ilitetemeka, jasho lilimtoka shingoni, moyo ulienda mbio, naye aliacha alichokuwa akifanya akatafuta kitu kitamu. Lakini miaka ilivyokwenda mwili ulichoka kupiga hodi. Sukari ikawa inashuka kimya kimya. Alikuwa anaongea na mtu vizuri tu, mara anajikuta chini, watu wamemzunguka, mdomoni ana ladha ya soda na hakumbuki nani kamnywesha.

Mara ya mwisho ilikuwa sebuleni kwake. Mume wake, mpaka rangi wa majumba, alirudi kazini akamkuta amelala kati ya meza na kabati, macho wazi, hamtambui. Baada ya hapo akawa haendi tena peke yake kwa wateja. Akawa hapandi ngazi na kochi. Akawa analala kwa mashaka, na mume wake naye analala sikio moja liko macho.

Ndipo daktari wa kliniki akamwekea kihisi. Kilikuwa kidude cheupe cha duara, kama kifungo cha koti, kilichobandikwa nyuma ya mkono. Ndani yake kulikuwa na uzi mwembamba ulioingia chini ya ngozi ukipima sukari mchana na usiku, kisha kidude kikapeleka majibu kwenye simu. Sukari ikianza kushuka, simu inalia kabla mambo hayajaharibika. Kila kimoja kilikaa wiki mbili, kikatolewa, kikawekwa kingine.

"Kwa hiyo umefungwa kifungo," alisema shangazi alipokiona mara ya kwanza.

"Ndiyo, shangazi. Kifungo cha maisha."

Wakacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyekiita kihisi tena.

Kifungo kilimrudishia maisha. Simu ilikaa kwenye mfuko wa aproni, na ilipolia aliweka stepla chini, akanywa juisi, akakaa kidogo, akaendelea. Alianza tena kwenda kupima makochi majumbani kwa watu, yeye na futi yake. Mume wake alianza kukoroma. Katika kipindi hicho ndipo alipopata kazi ambayo mafundi wengi wangeiota: viti vya ukumbi wa mikutano, safu kwa safu, vyote vivuliwe na kuvishwa upya kabla ya mkutano mkubwa ambao meneja wa ukumbi aliutaja kila baada ya sentensi.

Sasa, simu yake ilikuwa na tabia ya kuomba. Kila siku ilitoa ujumbe: mfumo mpya upo tayari, je, usasishe sasa? Naye kila siku alibonyeza Baadaye. Siku moja akiwa na gundi vidoleni, ujumbe ukaja tena, ukamzibia kioo chote wakati akitaka kuona sukari yake. Akabonyeza Sawa ili aiondoe tu machoni pake. Simu ikajizima, ikajiwasha, ikawa na rangi mpya na herufi za mviringo. Alipofungua programu ya kifungo, hakukuwa na namba ya sukari wala mshale wa kuonyesha kama inapanda au inashuka. Palikuwa na mstari mmoja: Simu yako haiendani na programu hii.

Akausoma mara ya pili. Akaizima simu, akaiwasha. Akaifuta programu akaiweka upya, na sasa hata kuiweka ikakataa.

"Shangazi, hebu soma hapa."

Shangazi akasogeza miwani. "Haiendani. Wamegombana?"

"Jana zilikuwa zinaendana!"

"Basi kuna mmoja kabadilika," alisema shangazi, akarudi kwenye cherehani yake.

Mama Sponji alipiga namba ya huduma kwa wateja ya watengenezaji wa kifungo. Muziki ukapigwa. Sauti ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, kisha muziki ukaendelea kuonyesha umuhimu huo. Mwishowe akapokea dada mmoja mwenye sauti laini kama pamba.

"Asante kwa kusubiri, mama. Simu yako ni ya aina gani?"

Akamtajia.

"Hiyo ipo kwenye orodha yetu, mama."

"Alhamdu— afadhali! Kwa hiyo tatizo nini?"

"Simu ipo kwenye orodha. Ila mfumo mpya uliouweka bado haujathibitishwa."

"Mimi sikuuweka. Ulijileta wenyewe."

"Ninaelewa usumbufu unaoupata, mama."

"Utathibitishwa lini?"

"Wataalamu wetu wanalifanyia kazi."

"Wakati wanalifanyia kazi, mimi nikianguka?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa, za mtu anayetafuta mstari wa kusoma. "Tunakushauri utumie kipimo cha kidole, mama. Au wasiliana na watengenezaji wa simu wakurudishie mfumo wa awali."

Akawapigia watengenezaji wa simu. Kijana wa huko akamwambia mfumo wao hauna shida yoyote, shida ni ya programu, awapigie wenye programu. Alipigwa danadana hivyo hadi chaji ikakaribia kwisha, na kompresa ikawa imejizima yenyewe kwa kukosa kazi.

Akaenda kwa fundi simu, kibanda cha kona chenye vioo vilivyopasuka vimetundikwa kama nguo. Fundi simu alikuwa mtu wa kukunja uso. Aliigeuza simu, akaingia huku, akatoka kule, akapuliza hewa mdomoni.

"Kurudi nyuma hawakubali siku hizi," alisema. "Naweza kulazimisha, lakini ikigoma utaondoka na kioo cha kujitazamia."

"Si simu ni yangu?"

"Ya kwako, ndiyo. Lakini mwenye uamuzi ni aliyeitengeneza."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alirudi karakana akivuta pini za kochi la mtu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akiwaza kwamba katika maisha yake hakuwahi kumvishia mteja kiti kisha akapita baadaye kukivua bila kuulizwa. Alijichoma kidole, akapima. Baada ya muda akajichoma tena. Vidole vyenye gundi na vumbi la sponji ilibidi vioshwe kwa sabuni kila mara, vinginevyo kipimo kilitoa majibu ya uongo. Kazi ya nusu siku ikala siku nzima.

Jioni mume wake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa kubwa na mpya kuliko ya mkewe, na aliipenda. Aliitumia kuwapigia wateja wake picha za kuta, kabla ya kupaka na baada. Aliingiza programu. Ikakubali.

"Si hiyo hapo, Fundi!" alisema kwa furaha. Hivyo ndivyo alivyomwita mkewe tangu uchumba. "Chukua. Mimi nitabaki na yako."

Furaha haikudumu. Programu iliwauliza kama wanaanza na kifungo kipya, wakasema hapana, kipo kimoja mkononi, kina siku kadhaa bado. Programu ikajibu kwamba kifungo hicho kimeshaungana na simu nyingine na hakitaungana na hii. Kumbe kidude kinafunga ndoa na simu ya kwanza inayokiamsha, na talaka hakina. Ikabidi akibandue, kizima kabisa, akitupe, aweke kingine. Katika akiba kilibaki kimoja tu, na kliniki walisema mzigo mwingine bado haujafika.

"Kizima hiki," alisema akikishika kiganjani. "Kinafanya kazi! Kinajua sukari yangu sasa hivi, na hakina wa kumwambia."

Mume wake akamletea pipa la taka.

Kwa kuwa simu ilipaswa kukaa karibu na mkono wenye kifungo, simu ya mume ikawa ya Mama Sponji mchana kutwa, pamoja na laini yake, maana katika haraka za asubuhi hawakukumbuka kubadilishana laini, na wateja wa rangi wote walikuwa na namba ile. Akawa na stepla mkono mmoja, mkono wa pili anapokea watu wenye hasira.

"We bwana, ukuta wangu wa jikoni umeuacha na madoa kama chui!"

"Mimi siye bwana. Mimi ni mke wake."

"Basi njoo wewe umalizie!"

Shangazi alicheka hadi akapoteza mshono. Hata Mama Sponji alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka. Wakabadilishana laini, simu zikaanza kudai namba za siri, mume akafungiwa nje ya ujumbe wake, na kila mmoja akamlaumu mwenzake kwa upole wa kulazimisha. Lakini kifungo kilikuwa kinasoma, na namba zilionekana, na hilo ndilo lililomfanya avumilie.

Kazi ya ukumbini ikaanza. Waliingia na kompresa, magunia ya sponji, na marobota ya kitambaa cha mistari aliyochagua meneja mwenyewe. Viti viling'olewa vikalio, vikavuliwa, vikavishwa, vikarudishwa. Mama Sponji alipiga pini, shangazi alishona pembeni mwa jukwaa penye mwanga. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Aliigusa kwa nje mara kwa mara, kama mtu anavyogusa ufunguo kuhakikisha upo, na kwa kuwa haikulia, alijua yuko salama.

Yeye mwenyewe baadaye alisimulia kwamba asubuhi ile alijisikia vizuri kupita siku nyingi. Kazi ilikuwa inakimbia. Mistari ya kitambaa ilikuwa inapendeza, ilikuwa inatembea kidogo, lakini kwa kupendeza. Aliona ajabu kwamba shangazi anamwita kutoka mbali sana, kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo.

"Mwanangu, kitambaa umekigeuza."

"Sijakigeuza."

"Umekigeuza. Upande wa ndani uko nje."

"Wewe ndiye uliyegeuka."

Shangazi alianza kucheka, kwa kuwa hilo lilikuwa jibu zuri. Kisha akaona jasho. Akaona viti vilivyopangwa nyuma ya mpwa wake, safu nzima, vyote vimevishwa ndani nje, pini zimepigwa kwa ustadi kabisa. Aliacha cherehani ikizunguka yenyewe.

"Weka hiyo stepla chini."

"Nina kazi."

"Weka chini, unywe hii."

"Sina kiu! Kwa nini kila mtu ananisumbua? Niacheni nifanye kazi yangu!"

Alisema kwa sauti ambayo ukumbi, uliojengwa kwa ajili ya sauti, uliipeleka hadi mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama meneja. Shangazi hakumjali. Alimshika mpwa wake mabega, akamkalisha juu ya gunia la sponji, akampokonya stepla, na kwa sauti ile aliyomwogeshea zamani akisema fumba macho, sabuni hiyo, akamwambia, "Kunywa." Naye akanywa, soda ikimwagika kidevuni, akilia kwa hasira bila kujua analia nini.

Meneja alikuja akipita katikati ya viti. Alitazama soda, akatazama mistari iliyogeuka, akatazama uso wa fundi wake.

"Mnakunywa kazini?"

"Ananywa soda," alisema shangazi. "Ana kisukari, imemshuka. Ukitaka kunusa, karibu unuse."

Meneja hakunusa. Alisema mkutano uko karibu, kana kwamba kuna mtu aliyesahau, akaondoka akiandika kitu kwenye simu yake, ambayo bila shaka ilikuwa inaendana na kila kitu.

Akili ilirudi polepole, na pamoja nayo aibu. Mama Sponji aliviona viti. Aliona pini zote zile, mkono wake mwenyewe umezipiga. Akatoa simu mfukoni. Kioo kilikuwa kimya. Alipofungua programu, ilichukua muda kuamka, kisha ikatoa maelezo kwa adabu: ilikuwa imesitishwa na simu ili kuokoa chaji.

"Imelala," alisema.

"Nini?"

"Simu imeilaza programu. Ati inaokoa chaji." Akainua macho. "Shangazi, chaji ilikuwa imejaa!"

Ndipo namba ikajitokeza, na mshale, na mara simu ikaanza kupiga kelele kwa nguvu zake zote kwamba sukari iko chini, wakati soda ilikuwa tayari tumboni. Alitaka kuirusha ukutani. Badala yake akachukua king'oleo, akapiga magoti, akaanza kutoa pini alizozipiga, moja moja, na hakusema neno hadi walipofunga kazi.

Yote aliyoyanyamazia yalimshukia mume wake jioni. Aliitupa simu juu ya kochi, maana hata katika hasira alijua kitakachopasuka na kisichopasuka.

"Chukua simu yako. Usingizi wake nimeuona."

Mume wake alipoelezwa alikwenda moja kwa moja kwenye mipangilio, akafungua huku na huku. "Hii hapa. Ilitakiwa tuizime hii ya kuokoa betri. Wangetuambia—"

"Wangetuambia, wangetuambia! Mimi ni fundi makochi. Sikusomea kumbembeleza huyu asigombane na yule, kumwamsha huyu asilale. Nimekuwa yaya wa simu! Nilitaka kujua sukari yangu tu."

"Si ndiyo nakusaidia?"

"Unanisaidia nini? Ulisema hiyo hapo, imekubali. Imekubali nini?"

Mume wake aliilaza magotini mikono yake yenye madoa ya rangi. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Siku ile uliyolala hapo chini, ni mimi niliyekuokota. Nilikuita hukunijua. Nilikuita tena ukanitazama kama ukuta. Usiongee kama simu hizi zinakutesa wewe peke yako."

Mama Sponji aliinuka. Akaenda jikoni, akachemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa. Hasira haikuisha, ila ilikosa wa kumwangukia.

Wakaizima ile ya kuokoa betri. Kesho yake programu ililala tena mchana, kwa sababu nyingine iliyofichwa chini ya kitufe kingine. Akapiga tena huduma kwa wateja. Alikuwa dada yule yule wa sauti ya pamba, au nduguye.

"Simu hiyo ya pili haipo kwenye orodha, mama. Inaweza kupokea programu lakini haijathibitishwa kwa kengele."

"Mbona iliruhusu niiweke?"

"Ninaelewa usumbufu—"

"Dada, huuelewi, na si kosa lako. Nisomee orodha. Yote. Polepole."

Dada yule akaanza kusoma, na baada ya simu kadhaa sauti yake ikapoteza upamba ikawa sauti ya mtu. Walipofika katikati alishusha pumzi. "Mama, mimi si fundi na sitakiwi kusema hivi. Ila wanaopiga kushukuru, wengi wana hii." Akataja simu ya zamani kidogo, ndogo, ambayo haikuuzwa tena madukani. "Usiisasishe tu. Chochote kitakachokuomba, kataa."

Mama Sponji alimwambia mume wake akiwa hana matumaini.  Keshokutwa yake mume alichelewa kurudi, na alipoingia hakuwa na simu yake kubwa. Alitoa mfukoni kitochi, kile cha vitufe, akakiweka mezani. Kisha akatoa simu ndogo yenye pembe iliyochubuka.

"Nimebadilishana na fundi simu," alisema. "Hiki changu, hii yako. Haina laini, haina picha, haina mtu wa kukupigia kuhusu ukuta wa jikoni. Amefunga kila kitu kinachojisasisha. Ina kazi moja tu."

"Na picha zako za kuta?"

"Kuta zipo. Anayetaka kuziona aende akazione."

Alitaka kumshukuru vizuri, lakini kilichotoka kilikuwa, "Kitochi hicho kitakufanya uonekane babu." Naye akasema babu huyo huyo ndiye aliyemwoa, wakaishia hapo.

Kifungo cha mkononi kilikuwa kimebaki bila simu iliyokiamsha, na cha akiba hakikuwepo. Alikibandua, akasubiri mzigo akijichoma vidole, shangazi akimsimamia ukumbini kama askari, soda juu ya cherehani. Kisha mzigo ukafika kliniki, akabandika kifungo kipya, simu ndogo ikakiamsha. Siku ya kwanza hakuiamini kabisa. Aliizungushia kamba, akaivaa shingoni, nje ya aproni, mahali inapoonekana. Ilipolia mara ya kwanza, ikiwa kati ya sponji na kitambaa, wote wawili walishtuka, na shangazi akasema, "Loo, kumbe ina mdomo!" Alikunywa juisi. Akasubiri. Namba ikapanda. Alipima kidoleni kuhakikisha, na majibu yakakaribiana.

Ukumbi waliumaliza kabla ya usiku wa kuamkia mkutano, na mistari yote ikiwa nje. Meneja alipita akibonyeza vikalio kwa kidole kimoja, akasema vizuri. Kuhusu soda hakusema lolote, naye Mama Sponji hakumdai samahani, ingawa maneno aliyokuwa amemwandalia yangetosha kujaza safu mbili za viti.

Huu ungekuwa mwisho mzuri kama simu ndogo ingenyamaza. Haikupita miezi mingi, programu ilimwonyesha ujumbe mpya: toleo hili litaacha kufanya kazi mwakani, tafadhali sasisha. Alijaribu kuangalia toleo jipya linataka nini. Likataka mfumo mpya. Mfumo mpya, simu ndogo isingeuweza.

Safari hii hakupiga simu. Alikwenda kliniki siku ya wagonjwa wa sukari, akasimama kwenye benchi la kusubiria akauliza kwa sauti, "Jamani, nani mwingine simu yake imekataa kifungo?" Mikono ikanyanyuka, mmoja, mwingine, kisha wengi. Dereva mstaafu mmoja alifungua mkoba akaonyesha simu mbili na chaja tatu. Mama mmoja alisema mwanawe huenda shule na simu ya bibi. Wakasogeleana, wakaanza kuambiana ipi inakubali, ipi inalala, ipi ina kitufe gani kilichofichwa wapi. Daktari alipochungulia kuona kelele ni za nini, Mama Sponji alimwambia wamwandikie barua mwenye programu, wote watie saini, na daktari atie ya kwanza. Daktari alisema ataiandika wiki ijayo. Akaambiwa wiki ijayo ni mbali, akavuta kiti akaiandika hapo hapo, benchi zima likimkosoa.

Jibu lilikuja. Liliwashukuru kwa maoni yao. Lilisema wataalamu wanalifanyia kazi, na muda wa matoleo ya zamani umeongezwa mwaka mmoja.

"Mwaka mmoja," alisema Mama Sponji, akiwa ameishika barua kwa ncha za vidole.

"Si haba," alisema shangazi.

"Si haba, lakini haitoshi, na nimechoka kuomba niruhusiwe kujua sukari yangu mwenyewe."

Aliirudisha barua kwenye bahasha. Mlangoni mwa karakana kulikuwa na mtu na kijana wa mkokoteni, wameleta kochi la watu watatu lililobonyea katikati kama punda mzee. Mama Sponji aliwaelekeza pa kuliweka, akajipangusa mikono, akaenda kulikalia.